Baba, Nimekiharibu Kiapo

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kimeru nimejaribu, lakini simalizi mstari wa kwanza kabla machozi hayajanitoka, na leo sitaki kulia. Nataka kugomba. Kiswahili ni cha shule na cha soko, naweza kugomba nacho bila sauti kunitetemeka.

Mwaka umeingia bila wewe. Nyumbani ni wazima, kama uzima ni kuamka tu. Mama amekonda hadi nguo zake za kanisa anazifunga na pini. Mvua ilianza wiki ile ile tuliyokuzika, ikanyesha juu ya udongo wako mbichi, na mahindi yamekubali kuliko miaka yote. Hilo nalo limenikasirisha. Nilitaka shamba likatae. Nilitaka hata maharagwe yajue kwamba mwenyewe ameuawa.

Ndiyo, nimeandika umeuawa. Pale kanisani walisema "umetutoka", na mchungaji akasema "umeitwa". Hukuitwa, Baba. Ulikatwa na panga kichwani, shingoni, na kwenye mkono ule ulioinua kujikinga. Ulikuwa mpakani, umepiga magoti chini ya ule mukungugu, mti tunaopandishia viazi vikuu, unachimba kiazi. Ulikuwa unanichimbia mimi. Nilikupigia simu kutoka Embu nikasema viazi vya huku mjini havina ladha, ukacheka, ukasema mwari wakwa, binti yangu, kesho nitakutumia kimoja cha kukushinda kubeba. Mama ndiye aliyekukuta, ulipokosa kurudi kwa chai.

Na kila mtu akatazama upande wa pili wa mpaka, kwa Mzee Gitonga. Mlikuwa mmegombana miaka mingi juu ya mti huo. Shina lilikuwa letu, lakini shimo la kiazi lilielekea kwake, naye alisema kila kinachonenepa kwa udongo wake ni chake. Sokoni watu walimsikia akisema huo mti utakuua. Polisi walimchukua, wakamweka siku chache, wakamrudisha. Nilipoenda kuuliza, afisa aliniambia bila hata kuinua macho, "Bila shahidi hatuna kitu, madam. Enda uombe Mungu." Alisema kama mtu anayekuonyesha mlango wa choo.

Nilirudi kazini. Unakumbuka ulivyonitania nilipoanza kazi ya bucha, ukasema umezaa msichana akatoka mchinjaji, sasa nani atathubutu kuleta posa? Wateja wangu pale mtaa wa Dallas, Embu, hawakunitania miezi hiyo. Nilikuwa nikishika shoka la mifupa wanarudi nyuma. Kila paja nililopasua lilikuwa lake. Kila shingo ilikuwa yake. Nilikuwa nikinoa kisu hata kama hakijapoteza makali, nanoa tu, na mdomo wangu unasema jina lake. Mzee Gitonga nilikuwa namwita hivyo kwa heshima tangu utotoni. Sasa nikamwita Gitonga, tena nikitema mate.

Kisha Baba Mdogo Mutuma akapiga simu. Alisema wazee wa ukoo wamekubali, Gitonga pia amekubali, na siku ya mwisho ya mwaka, baada ya chakula cha mchana, tutaringa nthenge, kile kiapo cha beberu. Nilikuwa sijawahi kuona. Wewe ulikuwa mzee wa kanisa na hukutaka tulitaje jambo hilo nyumbani. Baba Mdogo akanieleza: beberu analazwa chini, na kila mmoja kwa zamu anachukua jiwe, anamvunja mfupa na kuapa kwamba akisema uongo avunjike vivyo hivyo, yeye na nyumba yake. Hakuna kisu. Hakuna damu inayomwagika. Damu ikimwagika kwa chuma, kiapo kimeharibika. Akasema kwa desturi mwanamke hagusi nthenge, lakini hukuacha kijana wa kiume, na kiapo kinataka mtu wa nyumba yako, si wa nyumba ya ndugu yako.

Nilikubali kabla hajamaliza. Na nikafunga kisu changu cha kazi ndani ya gazeti, nikakitia chini ya nguo kwenye mkoba. Nakuambia wewe kwa sababu huwezi tena kunizuia. Hakikuwa cha mbuzi. Nilijiambia Gitonga akithubutu kuapa mbele yangu kwamba si yeye, sitangoja laana itembee polepole kutafuta wajukuu wake. Nitammaliza hapo hapo.

Mama alikataa kuja. Alikuwa jikoni anatwanga mukimo wa sikukuu, akasema bila kugeuka, "Ukienda, usiseme ulienda kwa ajili yangu. Mimi nimemwachia Mungu." Nikamjibu vibaya. Nikamwambia Mungu alikuwa wapi panga lilipoinuka mara ya pili, maana ya kwanza labda hakuona. Mchi ukasimama. Halafu akaendelea kutwanga, na mimi nikatoka.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye uwanda ule wa chini, karibu na mto. Gitonga alikuja na koti lake la kanisa, na nyuma yake mkewe na watoto wao wote, hata yule binti aliyeolewa Kinoru, akiwa na mtoto mgongoni. Aliwapanga wasimame pale, laana iwaone. Nikafikiri, mzee huyu ni mkatili kuliko nilivyojua. Akachukua jiwe. Akapiga mguu wa mbele, tukasikia mfupa, na beberu akalia, Baba. Nimechinja wanyama nisioweza kuwahesabu lakini sauti ile sijawahi kuisikia kwa sababu mimi huwa siwapi nafasi ya kulia. Gitonga akasema kwa Kimeru safi, bila kutetemeka, kwamba kama ni yeye aliyekuua, au alijua, au alimtuma mtu, avunjike hivyo na wote hawa wavunjike. Akaliweka jiwe chini taratibu.

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba.

Ndipo mzee anayeongoza akanigeukia akasema sasa ni zamu yako. Na hapo ndipo nilipojua kosa letu, mimi na Baba Mdogo na ukoo mzima wenye hasira. Tulikuwa tumekuja tukidhani nthenge ni wa Gitonga peke yake. Kumbe anayeshtaki naye huapa. Nilitakiwa kuvunja mguu wa pili na kusema kwamba ninajua ni Gitonga, na kama namsingizia, nivunjike mimi na Mama.

Mimi nilikuwa Embu, Baba. Siku ile nilikuwa nakata maini. Sikuona kitu.

Baba Mdogo akanisogelea sikioni akanong'ona, "Wewe sema tu uliona. Mungu anajua." Nimewahi kusikia maneno hayo maelfu ya mara. Wakopaji huyasema, wanasiasa huyasema, na mimi mwenyewe huyasema mteja akiuliza kama nyama ni ya leo. Lakini pale yalinipiga kifuani. Mungu anajua. Mimi sijui. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimemchinja mtu kila asubuhi, na sikujua kama ndiye. Nilitaka awe yeye kwa sababu nilikuwa nahitaji shingo, na yake ndiyo iliyokuwa karibu.

Beberu alikuwa bado analia. Mguu umegeuka upande usiofaa, anajaribu kusimama, anaanguka. Hasira ikanipanda upya, ikanishika kila mahali, kwa Gitonga, kwa wazee, kwa polisi, kwako wewe kwa kwenda mpakani peke yako, na kwa Mungu, kwake hasa. Nikatoa kisu. Nilimwona mke wa Gitonga akiwafunika wanawe kwa mikono, akafunga macho. Nikapiga goti juu ya beberu, nikavuta kidevu, nikakata mara moja. Akanyamaza.

Damu iliruka hadi kwenye viatu vya wazee na upindo wa koti la Gitonga. Kisha wakaanza wote pamoja, kwamba nimeharibu, kwamba uwanda umenajisika, kwamba ndiyo maana mwanamke haletwi mahali kama hapa. Baba Mdogo akanipiga kofi lililonitoa damu mdomoni, akasema nimekuzika mara ya pili. Sikumrudishia. Ningekuwa na jiwe wakati huo, sijui ningefanya nini.

Nisikudanganye kwamba nilifanya vile kwa imani. Nilifanya kwa hasira. Lakini nilipokuwa nafuta kisu kwenye nyasi nilimwambia Mungu, kwa sauti, wazee wakisikia: haya, imebaki yako. Watu husema Mungu si Athumani, hapendelei mtu. Tubaki mimi na wewe tuone.

Gitonga alikuwa bado amesimama pale pale. Nilidhani atafurahi. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Akasema, "Sasa mimi nitasafishwa na nani?" Kisha akawakusanya watu wake wakapanda mlima.

Nilipofika nyumbani Mama aliona mikono yangu. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Ni ya nani?" Nikasema ya mbuzi. Akaketi sakafuni, hapo hapo mlangoni, mwiko bado mkononi, akalia kwa mara ya kwanza tangu uzikwe. Alijua nilichokwenda nacho. Alikuwa amekiona kwenye mkoba asubuhi, akakirudisha, akafunika, akaenda kutwanga mukimo. Nilimuuliza mbona hakukiondoa. Akasema angekiondoa ningepata kingine, kwa hiyo alimwomba Mwenye uwezo wa kushika mkono.

Sijui nifanye nini na imani kama hiyo, Baba. Inaniogopesha kuliko kisu.

Asubuhi tukaenda kanisani, kwa sababu ni Mwaka Mpya na Mama hakuniuliza kama nataka. Unajua ibada ile. Kila nyumba inasimama na mkubwa wa nyumba anatoa ushuhuda wa mwaka uliopita. Wewe ulisimama kila mwaka. Mwaka ule mvua ya mawe ilipovua kahawa yote ikabaki vijiti, ulisimama ukasema Mungu ni mwaminifu. Mwaka ng'ombe wote walipokufa kwa homa ulisimama tena, na mimi nilikuwa mdogo, nikakuvuta koti nikitaka ukae, kwa aibu. Nilidhani unasema uongo kwa adabu. Watu wakaitikia amina wakaenda kula.

Zamu ikafika kwetu. Mama hakusimama. Alinitazama. Mdomo wangu ulikuwa umevimba kwa kofi, na habari za nthenge zilikuwa zimeshafika kila jiko la kijiji. Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele.

Nilisema hivi, na nakuandikia kama nilivyosema. "Baba yangu aliuawa. Aliyemuua anakula sikukuu mahali, pengine humu ndani. Mimi simjui, na jana nilikuwa karibu kuapa kwamba namjua. Nilitaka kuua mtu. Sina shukrani leo. Ninayo madai tu. Nimemwachia Mungu na ninamngoja, na amesikia kwamba ninamngoja."

Hakuna aliyeitikia amina. Mchungaji akafungua Biblia akaifunga. Nilikuwa naanza kuketi, uso unawaka, nilipowaona watu wakigeuza shingo kutazama nyuma. Gitonga alikuwa amesimama kwenye benchi la mwisho, na lile koti. Alikuwa amelisugua lakini doa la damu lilikuwa bado kwenye upindo. Alisema maneno machache tu.

"Hata mimi namngoja."

Akabaki amesimama. Na mimi nikabaki nimesimama. Baba, nilimtazama sana. Nilitafuta usoni mwake mahali pa kuchukia na pa kuhurumia, nikapata vyote viwili, na bado sijui. Kama ni yeye, ana moyo wa jiwe. Kama si yeye, basi tumemfanyia ukatili mkubwa, na kuna mwingine anayetucheka sote. Mama akasema amina. Aliisema peke yake, kwa sauti ndogo ya kukwaruza, na ikabidi kanisa zima limfuate.

Jioni ile aliniagiza nipeleke sahani ya mukimo ng'ambo ya mpaka. Nilikataa. Alibeba mwenyewe. Nilimwangalia akipita chini ya mukungugu, mahali pale, hakukimbia na hakusimama. Alirudi na sahani imeoshwa. Sikumuuliza waliongea nini.

Kesho narudi Embu. Lala, Baba. Lala hata kama mimi silali. Sina amani ya kukuachia, nina ahadi tu: sitaapa kwa jambo nisiloliona, na sitanyamaza kwa lile ninalolijua. Kila Mwaka Mpya nitasimama pale uliposimama, mbele ya watu wote, nimuulize Mungu amefikia wapi. Atachoka yeye kabla yangu. Neno hilo la kwamba ni mwaminifu alilisema mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, na mimi nimemshika nalo na siachi.

Ni mimi wako,
Kagendo