Vibati vya sardini chini ya motere

Darlène, uko wapi? Bwana yangu Pitchou wamemumaliza leo, mbele ya kanisa nzima!

Unajua siku tatu alikuwa anapanga motere na mashini ya mama Émérance ya kusaga mihogo, ili vyuma vyao vizunguke kwa mustari moja. Chini ya miguu ya motere alitia vibati alivyokata kwa mikebe ya sardini, kila mguu na kipimo chake. Jana ilisaga bila kutikisika.

Leo pasteur anakuja kuibariki. Wanawasha. Mama yangu! Inatetemeka, inaruka, bulon moja ya kufunga mguu wake inatoka. Pasteur: "Toka, pepo!" Watu wote: "Toka!" Pitchou anapiga kelele: "Zimeni! Si pepo, motere imehama!"

Pasteur anamugeukia: "Wewe fundi, unasali wapi?"

Darlène. UNASALI WAPI!

Pitchou akazima mwenyewe, akainama kuangalia chini ya motere. Hakuna kibati hata kimoja.

Mama Émérance huyu anakuja na sahani, anacheka: "Nililegeza bulon nikavitoa, pasteur asione uchafu. Nimekuoshea vyote na sabuni."

Vyote kumi na moja, vimechanganyika. Pitchou hajui tena kipi kilikuwa cha mguu gani.

Alisema tu "aksanti, mama".