Saa Tatu ya Birmingham

Kaka Idrisa, asalaam aleikum.

Nimempoteza Zaituni. Jumamosi ile baada ya Krismasi, katika kituo cha mabasi cha Birmingham, huko Uingereza, mdogo wetu alikaa kwenye kiti cha chuma kwa muda wa saa tatu na nusu akiningoja, na mimi nikafika ameshaondoka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Ningeanza na salamu ungesoma nusu, karatasi ukaiweka chini ya redio.

Sasa nakuuliza hali. Baba anakula? Wifi miguu imepungua kuvimba? Watoto wamefungua shule salama? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya Brussels mwaka huu inaingia hadi kwenye karakana, na mafundi wangu wawili wanashona wamevaa makoti. Namshukuru Mungu, kazi ipo.

Ile safari nilikugusia kwenye simu. Tulikuwa watatu: mimi, Mueni Mkenya mwenye gari, na Furaha, mwanamke wa Bukavu anayehudumia wazee hapa, rafiki yangu wa miaka sita. Siku saba, miji minne: London, Leeds, Manchester, Birmingham. Tangu nishuke kituo cha treni cha Gare du Midi na begi moja, miaka kumi na moja sasa, sijawahi kupumzika siku saba mfululizo. Nilisema mwaka huu nitapumzika hata dunia ipinduke.

London tulicheka sana. Usukani wa gari la Mueni uko kushoto, na kule mashine za kuegesha magari ziko kulia, kwa hiyo kila tukifika Furaha ndiye anayejitoa dirishani mpaka kiunoni kuchukua tiketi. Mueni akamwita Waziri wa Tiketi. "Waziri wa bure," Furaha akajibu, "mushahara hakuna, na mukono inaganda!"

Tulipofika Leeds, siku moja kabla ya Krismasi, tuliingia duka linalouza vyakula vya kwetu. Nikamwuliza mwenye duka bei ya unga wa muhogo. Akanitazama. "Wewe mtu wa Tanga," akasema. "Unavuta maneno kama Zaituni." Nikamwuliza Zaituni gani. Akasema Zaituni binti Hamisi, wa Makorora, alikuwa mteja wake kabla hajahamia Birmingham.

Kaka, niliegemea magunia. Miaka saba! Miaka saba tangu agombane na baba kwa kumkataa yule mchumba aliyemletea, na wewe kila nikikuuliza unaniambia hajulikani alipo, labda Arabuni, labda amekufa. Kumbe anapika ugali Uingereza.

Mwenye duka alikataa kunipa namba yake bila idhini, na alifanya sawa. Akasema nimwachie ya kwangu, ataifikisha. Laini yangu ya Ubelgiji nilikuwa nimeizima, kwa hiyo nikaacha namba ya Furaha, aliyekuwa na laini ya Kiingereza. Uamuzi huo ni wangu, silaumu mtu.

Zaituni alipiga Ijumaa jioni, tuko Manchester. Mimi nilikuwa bafuni. Nilipotoka nikamkuta Furaha anarukaruka: "Maman, dada yako alipiga! Kesho, kituo kikubwa ya mabasi, Birmingham. Ana haraka, alikuwa anaingia kazini." Akanipa kikaratasi. Kimeandikwa *15h*, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista.

Saa tisa alasiri. Nikapiga hesabu kama kawaida yangu. Manchester mpaka pale ni saa mbili kwa gari. Tukiondoka saa sita na nusu mchana tunafika na nusu saa ya akiba. Asubuhi nikaenda sokoni nikamnunulia Zaituni shali. Wakati mimi nachagua rangi, yeye alikuwa ameshakaa pale.

Tulifika saa nane na dakika ishirini na tano. Saa tisa ikapita, ikafika kumi. Giza la kule linaingia mapema, nikaanza kuogopa kwamba hatutatambuana. Ndipo Furaha akapata pa kuchajia simu yake, iliyokuwa imezimika tangu asubuhi, nayo ikaingiza ujumbe wa sauti uliotumwa tangu saa sita na nusu mchana. Nakuandikia neno kwa neno, kwa sababu nimeusikiliza mpaka nimeukariri:

"Nimekaa hapa tangu kabla ya saa tatu, na mtoto, kwenye baridi hii. Simu hupokei. Basi Idrisa alisema kweli, wote mko na baba. Msinitafute tena."

Furaha alishika kichwa. "Tangu saa tatu? Saa tatu ya asubuyi?"

"Kwani alikwambia saa ngapi?"

"Saa tatu! Alisema saa tatu, njo nikaandika quinze heures. Kwetu Bukavu saa tatu njo trois heures. Na yee hakusema asubuyi! Bon, mi ningejua namna gani?"

Umeelewa, kaka? Wao saa wanazihesabu kama Wazungu. Tatu yao ni tisa yetu. Miaka sita tunapikiana na kulia pamoja, na hatukuwahi kuligundua, kwa sababu Brussels mambo ya saa tunasemezana Kifaransa. Mueni akasema, "Haki nyinyi wawili, Kiswahili kimoja na saa mbili?" Hakuna aliyecheka. Furaha alikaa chini sakafuni, mwanamke mzima, akalia kuliko mimi.

Nilimwuliza mama mmoja anayeuza chai pale kituoni. Alimkumbuka. Alisema alikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitano hivi, na kila alipopita mwanamke aliyejifunga mtandio, mtoto alimvuta mama yake mkono na kumwonyesha. Mama anatikisa kichwa. Anapita mwingine, mtoto anaonyesha tena. Dakika mia mbili na kumi. Tuna mpwa, Idrisa, na alikuwa ananitafuta bila kunijua.

Namba ile haipatikani tangu usiku huo. Mwenye duka wa Leeds naye ameniomba radhi. Ameambiwa asipokee ujumbe wangu wowote. Silali. Juzi nimekata kitambaa cha mteja kwa kipimo cha mteja mwingine, jambo ambalo sijalifanya tangu nifungue karakana.

Sasa nirudi kwako. "Idrisa alisema kweli." Mtu hasemi hivyo juu ya kaka asiyejua mdogo wake yuko wapi. Mmekuwa mnaongea. Na ulimwambia kwamba baba hamtaki, na sisi sote tuko na baba. Mara tatu mwaka jana baba alinishika kwenye simu akaniambia, "Zaituni akipatikana, mwambie chumba chake hakijapewa mtu." Mara zote tatu ulimpokonya simu ukasema mzee anachanganya majina. Hachanganyi. Ananitajia hata rangi ya pazia la chumba kile.

Sijui kwa nini ulifanya hivyo, na leo sikuulizi. Kama ulianza kwa hasira na baadaye ukaona aibu kurudi nyuma, hayo tutayazungumza baba akishatoka hospitali. Nimekuandikia kwa simu mara nne, mara nne umenijibu "tutaongea". Hatuna muda wa kuongea. Jumatatu ya wiki ijayo, siku nane kutoka leo, baba anapasuliwa, na daktari alikwambia wewe mwenyewe, mbele ya wifi, kwamba kwa umri wake huenda asiamke. Akiondoka bila kusikia sauti ya Zaituni, mimi na wewe hatutaweza kukaa msiba mmoja.

Barua hii naipiga picha leo Jumapili nikutumie, na karatasi yenyewe anaileta mama mmoja wa hapa mtaani Flagey anayesafiri kesho, ili usiseme picha haikufunguka.

Msalimie wifi, mwambie dawa ya miguu nimempa huyo huyo mama. Msalimie mama mdogo anayemkandia baba mgongo, na wanao wote. Waambie shangazi yao anawawaza. Baba mbusu mkono, usimwambie neno.

Ijumaa asubuhi nakwenda tena Uingereza, nikiwa na pa kwenda au sina. Kwa hiyo nataka jibu moja tu: anwani ya Zaituni unayo, au huna? Ukiwa nayo, initumie kabla ya magharibi ya Alhamisi. Magharibi ikiingia sijaipata, wifi atampa baba simu, tumeshakubaliana, na nitamwomba baba mwenyewe akuulize.

Mdogo wako,
Mwanaidi