Jesca Kwenye Katuni ya Krismasi

Dar es Salaam, 3 Agosti 2024

Kaka Castory,

Shikamoo. Habari za Kinole? Wifi anaendeleaje na kifua? Mimi mzima, kazi tu.

Kaka, ofisini wamekubali hadithi yangu! Katuni ya Krismasi ya dakika sita. Miaka minne nimechora theluji na watoto wa Kizungu wenye makoti. Safari hii ni milima yetu, na msichana anayeshusha mdalasini sokoni ili amnunulie bibi yake kitenge cha sikukuu. Nataka awe mwanao Jesca: hasikii, anasema kwa mikono. Nitumie video mkizungumza, nione anavyosema bibi, mvua, sikukuu.

Mdogo wako,
Devotha

Kinole, 20 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, ila wifi yako bado anakohoa. Video nimetuma. Sikukuu anaisema kwa kushika sketi na kuitikisa, kama mtu mwenye nguo mpya.

Nilipomweleza, aliniuliza mara tatu: mimi? Huyo ni mimi? Unajua alikuwa ameacha shule tangu Mei, wenzake wanamwita bubu. Jumatatu alivaa sare mwenyewe. Darasa zima linajua atakuwa kwenye televisheni, na Mwalimu Yustina anasema sasa wanamwomba awafundishe ishara zake.

Devotha, naomba hili lisiharibike.

Kaka yako

Dar es Salaam, 9 Novemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Poleni na mvua. Mimi afya ninayo, moyo ndio haupo.

Wamembadilisha. Bosi aliniita akasema, "Mikono haiimbi, Devotha. Katuni ya Krismasi bila wimbo nani ataitazama?" Nikamwambia kuna watoto viziwi hawajawahi kujiona hata mara moja. Akasema, "Tumeshaweka mtoto mweusi, tumeweka milima na migomba. Unataka kila kitu?" Nilibisha wiki nzima. Wakampa kazi mtu mwingine. Sura ni ya Jesca, gauni lake, nyumba yenu. Lakini anaongea, na anaimba.

Nakuomba umwambie mapema. Mimi nimeshindwa hata kumtumia picha.

Mdogo wako,
Devotha

Kinole, 28 Desemba 2024

Devotha,

Salamu za sikukuu. Wifi yako hajambo.

Sikumwambia. Barua yako niliisoma shambani, nikarudi nyumbani nikamkuta anafua gauni lile lile ili alivae siku ya kutazama. Nilisema kesho, kesho, mpaka sikukuu ikafika.

Tulitazama mchana wa Krismasi kwa Mwalimu Yustina. Watoto walijaa hadi mlangoni. Jesca alipojiona alinikamata mkono, akaruka. Kisha yule msichana akafungua mdomo, na watoto wote wakageuka kumtazama Jesca. Maneno, mtoto wa jirani, akasema, "Huyu si yeye. Huyu anaongea."

Hakusikia, lakini aliziona nyuso zao. Akatazama ule mdomo mpaka mwisho. Halafu akaniuliza: shangazi kaniponya?

Tangu siku ile hatumii mikono. Akitaka maji anasimama mbele yangu na kufungua mdomo, anajikaza mpaka mishipa ya shingo inamtoka, na inayotoka ni sauti ambayo watoto wa hapa wameshajifunza kuiiga. Nikimwonyesha ishara anafumba macho.

Shule zikifunguliwa Januari, amekataa kurudi. Jumamosi ijayo nampeleka Turiani kwa mjomba wake, nyumba isiyo na televisheni.

Sikulaumu, mdogo wangu. Ila Pasaka usije. Akikuona, nitamwambia umekuja kufanya nini?

Kaka yako,
Castory