Chumvi ya Adelina na Ndoo ya Dada Felicitas

Madale,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Kasimiri,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima natanguliza salamu, nikitumaini kwamba goti lako limepungua uvimbe na kwamba mikorosho huko Newala haijasumbuliwa na wadudu. Sisi huku miili haijambo, isipokuwa nyumba haikaliki. Madhumuni ya barua hii ni kukufikishia shauri lililo kati ya mke wangu Adelina na dada yangu Felicitas, ili wewe, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wetu, ulikate.

Tangu mwaka juzi hedhi ya Adelina ilianza kupotea. Joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, akawa analowa jasho kanisani kana kwamba amenyeshewa. Usingizi ulimtoka, na hasira zikamjia bila sababu. Tulikwenda zahanati pamoja. Muuguzi alitueleza kwamba huo ni umri, si ugonjwa, na kwamba mwili hufunga kidogo kidogo. Alimshauri apunguze kahawa, pilipili na chai ya moto ya jioni. Ale dagaa, maharage, mboga za majani na mtindi. Ajifunike khanga nyepesi, na atembee kila asubuhi. Ule ufuta ulioutuma alikuwa akiula kwa hamu. Tulikuwa tukipanda kilima pamoja kabla jua halijawa kali, na taratibu akaanza kulala.

Sasa niufikie uchafu wenyewe.

Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba chungu cha shughuli hutiwa chumvi na mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, na kwamba akiitia asiyekoma, waliokula hupata kikohozi. Desemba iliyopita, katika unyago wa binti wa ndugu yetu Wilfred kule Manzese, Dada Felicitas alimwita Adelina mbele ya wanawake wote akamkabidhi chumvi. Adelina alisita, akasema hana hakika. Dada akamuuliza mwanamke aliyekaa miezi minane bila kuona damu anasubiri barua kutoka wapi. Wanawake wakacheka, naye akaitia.

Haikupita wiki, damu ikarudi. Muuguzi anasema hilo ni la kawaida, kwa kuwa hedhi huhesabiwa imekoma baada ya mwaka mzima bila kuonekana. Adelina, kwa uaminifu wake, alikwenda mwenyewe kumweleza Dada. Siku chache baadaye ikasemwa kwamba mtoto mdogo wa Wilfred anakohoa, basi chumvi ikawa ndiyo kesi. Kikohozi kile, Mjomba, nilikisikia kwa masikio yangu kabla chungu hakijainjikwa.

Tangu Pasaka Dada amehamia kwangu kutoka huko Newala, kwa maelezo kwamba anamsafisha wifi yake. Ameloweka utumbo wa mbuzi usiooshwa pamoja na mizizi ndani ya ndoo ya rangi, chini ya meza ya jikoni. Maji yake ni ya kijani, yana povu, na harufu yake inaingia hata kwenye unga. Inzi wa mtaa mzima wamekuwa wapangaji wangu. Adelina anatakiwa anywe kikombe kila asubuhi mbele ya mawifi. Ufuta wako Dada amewamwagia kuku, akidai unalisha damu.

Hata hivyo ndoo si kinyaa kikubwa kuliko vyote. Jumapili moja Dada na wenzake walikaa kwenye mkeka wangu, wali ungali mdomoni, wakaijadili damu ya mke wangu, rangi yake na wingi wake, huku yeye akiwapitishia mchuzi. Nilisukuma sahani yangu nikatoka nje. Nilipomtaka Dada aimwage ndoo, alinijibu:

“Mke wako katulisha damu, na wewe unamtembeza kilimani kama mbuzi wa mnada. Mwanamume humu ndani ni nani?”

Tusi hilo ningelimeza. Lakini asubuhi iliyofuata nilimkuta Adelina amekishika kikombe. Nikadhani amechoka kutengwa na ameamua kunywa. Akaniambia, “Baba Mauwa, nikinywa hiki nimekiri kwamba niliwalisha uchafu kwa kusudi.” Akakimimina shimoni.

Kwa ajili hiyo Dada ametangaza kwamba katika misa ya mwaka ya marehemu Mama, mwezi Agosti, hakuna wa ukoo atakayekula endapo Adelina atagusa hata mwiko. Mjomba, mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomwogesha Mama, dada yako wa damu, alipokuwa hawezi kujigeuza kitandani. Wakati huo hakuna aliyeiona najisi, wala hakuna aliyejitokeza kuipokea kazi.

Nisalimie Mkaza Mjomba Jenipher, pia Khalfani jirani yako na wote wa nyumba ya juu. Mungu akupe nguvu ya goti na usingizi mwema.

Siombi Adelina atie chumvi, kwa maana mwaka wake haujatimia nami naiheshimu desturi. Chumvi na aitie Mkaza Mjomba. Naomba tu uamue mambo mawili: je, Dada Felicitas atarudi Newala pamoja na ndoo yake? Na je, mke wangu atampikia Mama, au hatampikia?

Nangoja neno lako.

Mpwa wako akupendaye na kukutii,
Fredrick