Ng'ambo ya Barabara

4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa na usingizi unakuja. Mimi mzima wa mwili.

Sheria mpya imefika hata kwenye kiwanda chetu cha uchapaji. Hakuna kuvuta sigara ndani, uani wala langoni. Anayetaka avuke barabara. Mwanzoni nilivuka na wenzangu. Jua, mvua na jicho la msimamizi vikanichosha, nikaona heri niache. Nimeacha kweli.

Ila watu wote niliokuwa nikiongea nao wako ng'ambo ile. Mapumziko nabaki na mashine zilizozimwa.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Maumivu ya mgongo yamenizoea, hayaniachi tena.

Barua yako imenifurahisha na kunitia simanzi. Sheria imekutoa kwenye moshi, haikukumbuka kukuachia wa kukaa naye. Lakini usinunue urafiki kwa mapafu yako. Mwombe mmoja wao mle pamoja.

Shangazi yako

30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko? Nilikaa kimya kwa aibu.

Nilimwomba Kipara, dereva wetu, tule pamoja. Akacheka, akasema chakula bila sigara hakimshuki. Siku chache baadaye nikashindwa, nikavuka. Walinipokea kama ndugu aliyetoka safari, wakanipisha kwenye ukuta wanaouegemea. Nikaomba moja. Kijana anayepaka gundi majalada alikuwa ameshaitoa, Kipara akamshika mkono.

"Huyu ametoka," alisema. "Mimi nimejaribu mpaka nimechoka." Kisha akanigeukia. "Rudi ndani."

Nikarudi. Nyuma yangu walikuwa wameshaanza kucheka kwa jambo jingine.

Mwanao

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakuombea moyo mkunjufu.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu amekwambia waziwazi uondoke. Basi hakukufukuza.

Shangazi yako

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Afya yangu njema, chakula kinapita.

Maneno yako niliyasoma, lakini mapumziko yalibaki yaleyale, mimi na harufu ya wino. Mpaka leo. Kipara hakuvuka. Aliingia, akasogeza kiti karibu na mashine ya kukata karatasi, jasho likimtoka. Muda wote alitazama mlango.

Kengele ilipolia, alisema, "Kesho ukiniona nasimama, nishike shati."

Mwanao