Kindly, Asema Yeslam

Jumatatu, 3 Juni

Barua imeletwa na mtu wa pikipiki. Ya wakili. Mimi niko hapa Bofu, Yeslam yuko ng'ambo ya kivuko tu — ndugu yangu wa tumbo moja, nimembeba mgongoni — na badala ya kuvuka aje kunambia, nimeandikiwa Kiingereza. "Kindly vacate the house by 30th June." Nihame. Nyumba ya baba, niliyomuuguzia mama miaka sita! Baba alipokufa Yeslam alinambia, tia sahihi hapa, dada, hati iwe kwa jina moja tupunguze usumbufu. Nikatia. Mjinga mimi.

Sasa ameiuza.

Jumanne, 4 Juni

Hilo kindly limenikaa kooni. Nimempelekea barua jirani yangu Jerioth, karani wa bandarini. Akasema ni neno la kawaida ofisini, yeye huliandika mara ishirini kwa siku. Kindly sign, kindly wait. Nikamuuliza Kiswahili chake. Akafikiri.

"Ni kama tafadhali, mama. Lakini tafadhali mtu anaweza kukataa."

Alhamisi, 6 Juni

Nimeteremsha kamusi ya baba, ile nene isiyo na jalada. Nimetafuta asili ya neno. Limetoka kwa kind, na hilo kind ni la shina moja na kin — watu wa ukoo mmoja. Yaani mwanzo wake ni mambo ya damu, mtu na watu wake! Nimesoma mara tatu. Nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikalia, wallahi. Wakili hajui. Yeslam ndiyo kabisa — kazi zake za Kiingereza za shule nikimfanyia mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempigia simu. Nikamsomea neno na asili yake, polepole. Kisha akasema barua kaandika wakili, si yeye. Nikamwambia, basi njoo uniambie kwa mdomo wako, kwa Kiswahili. Akajibu inshallah. Inshallah ya Yeslam naijua.

Jumapili, 9 Juni

Amekuja. Nimemuona dirishani, yeye na bwana mmoja mwenye futi ya kupimia. Wameanzia ukuta wa nje.

Yeslam hajapata kubisha mlango huu. Huingia moja kwa moja hadi jikoni akafunua masufuria, mtu mzima na mvi zake. Nilimpikia wali wa nazi, nikijua atafunua.

"Hodi, dada Sheikha."

Mlango u wazi. Naviona viatu vyake kizingitini, havivuki. Nimekaa na kalamu yangu. Wali waungua.

Hodi ya pili.

Nikisema karibu, nimemfanya mgeni. Nikinyamaza pia.

Ya tatu. Mgeni asipoitikiwa ya tatu huenda zake, ndivyo tulivyofunzwa sote wawili. Viatu bado viko pale.