Mlio wa Chembe Mbili Zikigongana

Jumapili, 3 Machi

Nimetisha mji mzima! Mimi, kabati bovu la studio, na mashine ya kusagia ndani ya ndoo ya bati. Sehemu ya tatu ya mchezo wetu wa redio ilirushwa jana, ule wa profesa anayegonganisha chembe ndogo kuliko vumbi kwa mtambo ulio ndani ya handaki. Leo sokoni watu hawana habari nyingine. Muuza vitunguu anasema mtambo ulinguruma hadi akazima redio. Nikanunua vitunguu nisivyovihitaji ili asimulie tena.

Miaka sita fundi wa milio, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Sasa Mtayarishaji anasema barua yangu ya ajira ya kudumu imeshaandikwa, imebaki sahihi yake. Ataitia sehemu ya mwisho ikienda vizuri. Jumamosi tarehe 16, saa kumi jioni, moja kwa moja hewani!

Dosari ni moja tu. Mama amefunga begi. Anaamini mtambo wa kweli, ule wa ng'ambo, utatoboa shimo litumeze sote. Nikamwambia, Mama, ile ngurumo ni mimi na ndoo. Akasema anajua ni mimi na ndoo, lakini ndoo hailii vile bila sababu.

Jumanne, 5 Machi

Kaja studio mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu. Mtayarishaji kamwalika ajibu maswali ya wasikilizaji baada ya sehemu ya mwisho. Mrefu, shati kalifunga vifungo vya upogo. Akauliza ni nani aliyeutia mtambo meno. Nikanyoosha mkono. Akacheka mpaka akakalia kabati langu — likanguruma! Akaruka.

Nikamuuliza chembe mbili zikigongana hulia vipi. Hazilii, anasema. Ndani ya bomba hamna hata hewa ya kubeba sauti. Alikuwako kwenye mtambo kama huo, enzi za uanafunzi wake, chembe zilipogongana mara ya kwanza. Vidoa kwenye skrini. Watu arobaini wamesahau kupumua. Basi.

Hazilii! Nimetembea nikijisemea hivyo njia nzima. Nikaipita nyumba yangu.

Jumatano, 6 Machi

Dada kasema eti kwenye simu nimemtaja mhadhiri mara kumi na moja. Mwongo. Tisa.

Jumapili, 10 Machi

Mhadhiri, Bwana Vifungo wangu, kaja nyumbani!! Nilimweleza habari za begi la Mama, akasema dawa anayo. Kaja na chupa pana ya kioo, spiriti, tochi, na bonge la barafu kavu linalofuka moshi. Mama kakaa karibu na mlango, begi mapajani. Tukafunga mapazia. Tukangoja. Nikaanza kumwonea huruma mgeni — mara, ndani ya chupa, uzi mweupe! Mwembamba, ukapita, ukayeyuka. Mwingine. Mbili! Anasema ndizo njia za chembe zinazoshuka kutoka angani, zinapenya paa, zinatupenya sisi, usiku na mchana, tangu dunia iwe dunia. Hata mimi, sasa hivi? Hata wewe na ndoo yako, anasema.

Tangu hapo najicheka peke yangu. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mama alisogea, akapiga magoti mbele ya chupa, saa nzima hakuinuka. Mwisho akasema, kumbe hawa ni wapole. Akanigeukia: sasa mwanangu, mbona mnawasingizia redioni?

Nikajifanya natafuta sukari. Begi lenyewe bado hajalifungua, anasubiri asikie mchezo utaishaje.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwomba Mtayarishaji. Profesa akibonyeza kitufe, pasiwe na kishindo. Kimya tu. Akanitazama kana kwamba nimemwomba figo. Redio ikinyamaza, anasema, watu wanahama stesheni. Fundi mitambo naye akadakia: kuna kifaa chao kinachonusa kimya. Sekunde kumi bila sauti, kinapiga muziki wa akiba chenyewe. Katikati ya mchezo!

Mtayarishaji akagonga mezani bahasha yenye barua yangu. Kishindo kwanza, sahihi baadaye.

Haya. Mchana kutwa nimefanya mazoezi. Nyundo, pipa la mafuta, mlango wa chuma. Kishindo kizuri mno, vioo vinatetemeka, waigizaji wakapiga makofi. Nikaona aibu.

Jumamosi, 16 Machi. Studio.

Tuko hewani. Nina kurasa tatu za mchezo zisizo na mlio wangu, naandikia mapajani.

Nimenyamaza!!

Profesa kabonyeza kitufe. Mtayarishaji, nyuma ya kioo, kanipa ishara. Nikailaza nyundo juu ya sweta yangu. Moja. Mbili. Mtayarishaji anapunga mikono yote miwili, utadhani anafukuza nyuki. Nne. Baada ya kishindo profesa alitakiwa aseme "Mmesikia?" — kanikodolea macho, kasahau kila kitu. Sita. Saba. Fundi mitambo kajishika kichwa. Nane. Tisa — muziki huo unakuja, nimekwisha, nimejichongea mwenyewe! Na Bwana Vifungo, kwenye kiti cha mgeni, mbele ya maiki iliyo wazi, akavuta pumzi akasema, "Aah!" Taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga.

Ikaenda hewani. Mwigizaji wa profesa akazinduka. "Mmesikia?" akauliza, kwa sauti ambayo mazoezini hakuwahi kuitoa.

Sasa simu za studio zinamulika, laini zote sita! Wanalalamika? Wanashangilia? Sijui. Nataka kucheka na siruhusiwi. Bwana Vifungo kaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika. Nisimtazame. Nikimtazama nitapasuka.

Mtayarishaji katoka chumbani kwake. Kunigombeza hawezi, taa nyekundu bado inawaka. Kavua viatu! Anakuja kwa soksi, ananyata, uso hausomeki. Bahasha kaibana kwapani. Kapita nyuma ya waigizaji. Kafika. Kaitoa barua, kaikunjua juu ya pipa langu. Ananinyooshea kiganja. Anaitaka kalamu hii hii ninayoandikia. Ataichana? Lakini kuchana barua hakuhitaji kal—